Feni inavuma na gemu hujafungua: uongo na ukweli kuhusu Steam kula prosesa

Steam ni ile programu ya kununua na kucheza magemu kwenye kompyuta, na uongo mkubwa kuliko wote juu yake ni eti steamwebhelper, prosesi yake moja, ni kirusi. Sio kirusi jamani. Ndani ya Steam kuna brauza ya Chromium, duka, chati na laibrari yako vyote ni kurasa za wavuti na anayezichora ndo huyo steamwebhelper, na Chromium ina tabia ya kugawa kazi kwa prosesi nyingi ndo maana kwenye Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha nini kinakula prosesa, unamkuta kajipanga mara kibao. Anakula sana ukiacha dirisha la duka wazi na video zinajicheza zenyewe, na inakuwa mbaya zaidi kama kwenye setingi za intafesi umezima kurasa kuchorwa na kadi ya grafiki, maana hapo mzigo wote unamrudia prosesa na ka laptopu ka koa mbili (prosesa yenye vichwa viwili tu vya kufanya kazi) lazima kalie. Iwashe hiyo setingi, rudi utazame. Bado una wasiwasi? Mbonyeze kulia hukohuko Task Manager uone faili lake linakaa wapi, la kweli liko ndani ya folda ya Steam, bin, kisha cef, ukilikuta kwenye Temp, folda ya mafaili ya muda, basi hilo ni jingine kabisa, pitisha antivairasi.

Ila wasiwasi wenyewe sio wa kijinga. Mwaka 2013 ESEA, wale wa mechi za gemu la kufyatuana risasi la Counter-Strike huko Marekani, programu yao ilikutwa inachimba bitcoin kimyakimya kwenye mashine za wachezaji, jimbo la New Jersey likawabana hadi wakakubali faini ya dola milioni 1. Na uchimbaji wenyewe ulitumia kadi ya grafiki, so anayekodolea prosesa peke yake asingeona kitu.

Halafu eti ukibonyeza X umeifunga Steam. Wapi! Kwenye Windows imeshuka tu pale pembeni ya saa inaendelea na mambo yake, bonyeza kulia hapo uchague Exit.

Kuna wanaosema kushusha gemu kunakula bando tu. Steam inaleta vipande vilivyobanwa, prosesa ndo inavifungua, na Defender, antivairasi ya Windows, naye anavipekua vikiandikwa kwenye diski. Mwenye faiba ya kasi ataona prosesa inapaa, mwenye modemu ya kuungaunga wala hatagundua. Na kwa kawaida Steam inasimamisha kushusha ukianza kucheza, usipobadilisha mwenyewe.

Wa Linux, mkiona fossilize_replay, prosesi nyingine ya Steam, imebeba koa zote msiiue kwa hasira, inaandaa sheda (vijiprogramu vya kuchora picha za gemu) kabla ili gemu lisistaki katikati, ikimaliza inatulia.

Na wewe uliyeona System Idle Process ina asilimia 96 kwenye Task Manager ukataka kuiua, ndugu yangu, hiyo ni prosesa ikiwa imekaa bure!

Za mwisho ni hizi gem busta, programu zinazodai kuongeza kasi ya gemu. Nyingi zinachofanya ni kuzima vitu ambavyo ungezima mwenyewe, afu zenyewe zinajiwasha na Windows na kubaki hukohuko nyuma zikila.