Je, wajua kwa nini mti dume na mti jike huenda wasitoe dawa sawa?

Anayetumwa mizizi ya mpapai kwa ajili ya dawa za miti shamba mara nyingi huambiwa autafute mpapai dume. Kuna tofauti ya kweli, au ni mazoea tu?

Katika ploti nyingi za Kayole na Githurai, Nairobi na viungani mwake, utaukuta mpapai kando ya ukuta. Ukichanua, jinsia yake haijifichi tena. Dume huning'iniza vishada virefu vya maua membamba. Jike huwa na ua nene lililobana shina, na ukipasua petali utaona kifuko kidogo cha kijani: hilo ndilo papai lijalo. Upo pia mpapai wenye jinsia zote mbili katika ua moja. Yote huamuliwa na kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli.

Sasa kemia. Mmea hautengenezi dawa kwa ajili yetu. Hujitengenezea kinga dhidi ya wadudu, kuvu na wanyama. Jike hubeba matunda kwa miezi, basi ana kikubwa cha kulinda. Chanja papai bichi utoke utomvu mweupe: umejaa papeini, kimeng'enya kinachokata protini, ndiyo maana hulainisha nyama ngumu. Majani ya dume nayo yana utomvu, lakini ghala hilo la tundani hana. Watafiti waliolinganisha spishi nyingi wameona kwamba mara nyingi wadudu hushambulia dume zaidi, ingawa si kila mahali. Kwa hopsi, inayotia bia uchungu, tofauti ni kubwa mno: utomvu unaotakiwa uko kwenye maua ya jike, na wakulima hung'oa madume.

Hata hivyo, kutofautiana kikemia si ithibati kwamba mzizi wa dume unaponya. Isitoshe, ni takriban spishi 6 tu katika kila 100 za mimea ya maua zenye dume na jike mbalimbali. Kumuuliza muuzaji kama mshubiri wake ni dume hakuna maana, kwani kila ua lake lina jinsia zote.

Panapouma ni kwa msandali wa nyika zetu. Wavunaji huusaka jike, wakisema ndio wenye mafuta mengi, na huung'oa na mizizi. Kenya ilipiga marufuku uvunaji huo mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Madume yanayobaki hayazai mbegu hata moja.