Huyo Chozi Wako Mweusi Si Mweusi

Nimetumiwa tena. Picha ya WhatsApp, chozi (yule ndege mdogo wa maua, mwenye mdomo uliopinda; Kiingereza sunbird) juu ya waya wa umeme Kijitonyama, Dar es Salaam, jua la saa saba liko nyuma yake, na maelezo ni yaleyale: "Mweusi kote, kwenye kitabu hayupo, huenda ni aina mpya." Aina mpya, Kijitonyama! Nimewajibu wengi kwa upole. Leo naandika mara moja, kuanzia kesho nitakuwa natuma kiungo tu.

Tatizo ni imani kwamba ndege hutambuliwa kwa rangi, na kwamba kamera haisemi uongo. Kwa chozi, yote mawili yanakuangusha kwa pamoja.

Njano ya mnana, yule ndege mfumaji wa viota, ni rangi hasa, inayotokana na karotenoidi (viini vya rangi) za kwenye chakula. Mgeuze utakavyo, atabaki njano. Kijani na zambarau ya chozi dume ni habari nyingine kabisa. Ndani ya nyuzi ndogo sana za unyoya kuna chembe za melanini zilizopangwa kwa tabaka, na mpangilio huo ndio unaorudisha rangi fulani ya mwanga kwa pembe fulani, kama dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi. Melanini yenyewe ni nyeusi. Mwanga usipompiga kutoka upande ulipo wewe, unachokiona ni hiyo melanini. Akigeuza shingo kidogo, koo linawaka, akiirudisha, limezimika. Ndege ni yuleyule, wala hajahama tawi.

Ndiyo maana dume wa chozi aitwaye kitaalamu Chalcomitra amethystina, ambaye Dar si wa kumtafuta kwa tochi, ananifikia kwa majina yote ya giza. Ana kipaji cha kijani na koo la zambarau, lakini vyote huonekana kwa sekunde tu. Chozi mwingine, Cinnyris bifasciatus, naye mgongo wake utauona wa kijani, buluu, hata wa shaba, kwa picha zilizopigwa mfululizo mmoja. Watu hunitumia tatu na kuniuliza ni ndege wangapi. Huyu bifasciatus pia ana kawaida ya kuvua manyoya yake ya kung'aa baada ya kuzaa, akabaki na mabaka yasiyoeleweka. Mabaka hayo si ugonjwa.

(Na kwa wale wanaomwita chozi "hamingbadi": hamingbadi wako bara la Amerika tu. Tuendelee.)

Sasa, kinachonikera zaidi ni kuhariri. Simu nyingi zinang'arisha rangi zenyewe kabla hata hujaiona picha, halafu mwenye simu anaongeza tena "ipendeze". Kisha kuna mwembe. Ndege akiwa ndani ya mwembe, mwanga unaomfikia tumboni umepenya kwenye majani au umedunda juu yake, kwa hiyo tumbo jeupe linatoka na ukijani. Kwa dume unaweza kusamehe. Kwa jike hilo tumbo ndilo lilikuwa ushahidi wenyewe! Jike wa chozi wa tatu, Cinnyris venustus, ana tumbo la weupe wa unjano, karibu halina michirizi. Wa bifasciatus ana michirizi kifuani. Ukishamwaga kijani cha mwembe na kichujio cha simu juu yake, umebaki na ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Hongera.

Kwa hiyo anzeni na vitu visivyobadilika na jua. Mdomo: urefu wake ukiulinganisha na kichwa, na umepinda kiasi gani. Hedydipna collaris ana mdomo mfupi kiasi kwamba wengine hawaamini kuwa ni chozi. Halafu uso. Jike wa amethystina ana mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi. Jike wa chozi kidari-chekundu hana, na tumbo lake ni la mabaka mazito. Nyusi hiyo inaonekana hata kwenye picha mbovu, hata kivulini, na bado hakuna anayeitazama kwa sababu wote wako bize na rangi ya mgongo.

Kwa minana, jicho. Njano ya mwili haikusaidii, karibu wote ni wa njano. Dume wa Ploceus cucullatus, yule wa kichwa cheusi anayenyong'onyeza minazi kwa kuchana makuti, ana jicho jekundu, P. intermedius, mwenye barakoa nyeusi, ana jicho jeupe la maziwa. Pwani ya Mombasa wako wawili wanaowasumbua watu: subaureus jicho jekundu, bojeri jicho jeusi. Basi. Nje ya msimu wa kuzaa, wengi wa madume hao hufifia na kufanana na majike wao, na hapo hata mimi huandika "mnana" na kufunga daftari.

Hilo vitabu havilisemi waziwazi: picha nyingi hazitambuliki. Sistikola ndio mfano mbaya kuliko wote. Ndege wa kahawia, michirizi mgongoni, yuko kwenye nyasi za kiwanja kisichojengwa, na jirani yake wa aina nyingine amevaa vilevile. Wanatofautishwa kwa sauti. Unaweza kuwa na lenzi ya milimita 600 na picha kali hadi kope, na bado rekodi ya sauti ya sekunde kumi ya simu ikakushinda. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, ni nzuri, naitumia, lakini ukiilisha kivuli itakupa jina la kivuli, tena kwa kujiamini.

Mkitaka niwajibu, nitumieni faili jinsi ilivyotoka kwenye kamera, ndege akiwa ubavu, jicho na mdomo vinaonekana. Pigeni saa moja hadi saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni kwenu. Akiwa mbele ya anga nyeupe, ongezeni mwanga hatua moja au zaidi. Anga ikiungua, iungue. Picha tano za hovyo za pembe tofauti ni bora kuliko moja nzuri. Andikeni mtaa na mwezi, na alikuwa anafanya nini: ua la mgomba, utando wa buibui, mbegu za nyasi.

Mkikuta kiota cha chozi, kile kifuko kinachoning'inia chenye mlango wa ubavuni, msiniletee picha ya karibu. Jike akikimbia kwa ajili yenu, kunguru wa jirani atajua pa kwenda, na siku hizi mitaa yetu ina kunguru kuliko machozi.