Tronsonezi ya zamani haifi ovyo: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Ukipeleka tronsonezi, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, iliyogoma kwa fundi wa mtaa wa Birere, usishangae ukiambiwa injini imezeeka, utafute nyingine. Umri peke yake hauui msumeno wa mnyororo. Zima swichi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, uache mashine ining'inie. Ikishuka polepole kwa kusitasita, mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa, bado upo. Ikiporomoka, fungua egzosi uchungulie pistoni kwa tochi: michubuko ya wima maana yake imeungua. Lakini kama mgandamizo upo na pistoni ni laini, anza na vitu vya bei ndogo: utando mwembamba wa kabureta, ambao hukakamaa kwa miaka, na mpira wa petroli, ambao hupasuka.

"Zidisha mafuta kwenye petroli, itadumu." Hapana. Mashine nyingi za siku hizi hutaka ml 20 kwa lita, nyingi za zamani ml 40. Fuata maagizo ya mashine yako. Ukizidisha, masizi yanaziba tundu la egzosi na buji inalowa. Tena, mafuta yakiongezeka petroli inapungua, na injini inachemka zaidi. Nunua sirinji ya ml 20 famasi, uache kupima kwa kizibo. Na yawe mafuta ya injini za mipigo miwili, si ya gari.

Dhana inayoharibu mashine nyingi nzuri ni hii: kabureta ikishawekwa sawa, basi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Mashine iliyorekebishwa pwani ikifika hapa inapata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inalowesha buji, inakosa nguvu. Fundi anakaza kidogo skrubu ya mwendo wa juu, inachangamka. Kazi nzuri. Kisha mwenyewe anashuka nayo msitu wa Walikale, ambako hewa ni nzito zaidi, bila kuigusa skrubu. Sasa petroli ni kidogo. Mashine inalia kwa sauti kali, watu wanaisifu, kumbe pistoni inaungua. Ukishuka, fungua skrubu kidogo kabla ya kukata. Ikipewa gesi yote (kichapuzi kikibanwa hadi mwisho) nje ya mti, igugumie kidogo. Meno yakishauma mti, sauti isafike. Ikipiga kelele nyembamba kama mbu, izime.

Wengine hulaumu injini kumbe mnyororo ni butu. Tazama kinachotoka: vipande vyenye umbo ni dalili njema, unga ni dalili ya meno yaliyokufa. Hapa kwetu vumbi la lava hujificha kwenye maganda ya mikaratusi, hata ile ya kuchongea chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), na kugusa jiwe mara moja kunatosha kuua makali. Piga gogo brashi, uliinue kutoka ardhini. Noa kwa tupa ya duara yenye kipenyo cha mnyororo wako, idadi sawa ya misukumo kila upande. Ukikata mti na mstari ukapinda, mara nyingi meno ya upande mmoja ni mafupi.

Mafuta ya vidanji, yaani mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini ya gari, kwenye mnyororo? Yana chembe za chuma zinazokula pampu na bapa (ubao wa chuma ambao mnyororo huzunguka juu yake), na kemikali zinazoweza kuleta saratani, zinazokurukia mikononi. Weka mafuta safi. Elekeza ncha ya bapa kwenye ubao mweupe, upandishe gesi: mstari wa mafuta usipoonekana, tundu limezibwa na unga wa mti.

Wapo pia wanaong'oa breki ya mbele kwa madai kwamba inasumbua. Sehemu ya juu ya ncha ikigonga mti, bapa linarushwa usoni mwa mkataji kabla hajawahi kukwepa. Breki ikikwama, kwa kawaida ni unga wa mti na grisi, safisha. Kabla ya kazi, injini ikiwaka na mnyororo ukizunguka, sukuma mbele kinga ya mkono, ambayo ndiyo breki, huku umeshika mipini yote miwili: mnyororo usiposimama papo hapo, msumeno huo usikate mti siku hiyo.