Ua likilegea baada ya kuhamishwa acha kulizamisha kwa maji! (na dhana nyingine zinazoua maua)

Haiishi wiki bila mtu kuniambia yale yale: nimehamisha ua langu, limelegea, nalimwagilia asubuhi mchana jioni lakini wapi, linazidi kwenda. Nikimuuliza udongo ukoje ananijibu umelowa chapachapa, tena anasema kwa kujiamini kabisa manake anaona hapo ametimiza wajibu wake. Jamani. Ua hilo linakufa kwa sababu ya hayo maji. Nimesharudia sana kulieleza hili kwa mdomo, sasa acha niliandike lote mara moja.

Mmea unavuta maji kwa vinyweleo vya mizizi, vile vidogo mno vilivyo karibu na ncha za mizizi myembamba, ambavyo hata kuviona kwa macho ni shida. Ile mizizi minene unayoiona ukichimba kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea, kusafirisha maji na kutunza akiba ya chakula. Sasa ukichimba, hata uwe na mkono mwepesi namna gani, vinyweleo vingi vinakatika na kubaki kwenye shimo la zamani, na vile vilivyopona vikipigwa na jua na upepo dakika chache tu vimekauka. Huku juu lakini majani ni yale yale, hayajapungua hata moja, yanaendelea kutoa maji kwenda hewani kama jana. Yaani matumizi yako pale pale ila mapato yamekatwa. Ndo mmea unalegea, hata kama umesimama kwenye udongo wenye maji ya kutosha kabisa, kwa sababu vya kuyavuta vimebaki vichache.

Sasa wewe unafanyaje, unaongeza maji. Jioni tena. Kesho tena. Udongo mzuri una vijitundu katikati ya chembe zake, vingine vina maji vingine vina hewa, na mizizi inahitaji hiyo hewa, inahitaji oksijeni ili ipate nguvu ya kufanya kazi na kuota upya. Ukijaza vijitundu vyote maji hewa inatoka, mizizi inakabwa, na mzizi uliokabwa hauvuti maji vizuri hata kama yamejaa. Kwa hiyo majani yanalegea ZAIDI, na wewe unayaona yamelegea zaidi unaongeza ndoo nyingine. Alafu vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium na Phytophthora vinapenda sana udongo uliotuama maji, na mizizi yenye majeraha mabichi ya jembe ndo mlango wao. Ukija kung'oa baadaye unakuta mizizi myeusi, laini, ganda lake linavuka ukiivuta na vidole, na wakati mwingine inanuka. Kiu haifanyi hivyo. Mzizi uliokufa kwa kiu unakuwa mkavu na unavunjika.

Hebu fanya hivi kabla hujagusa bomba. Ingiza kidole kwenye udongo kama sentimita 5, na uingize karibu na shina, ndani ya lile donge la udongo mmea uliokuja nalo, usiingize pembeni. Nasisitiza ndani ya donge kwa sababu mmea uliotoka kwenye chungu au kiriba mara nyingi umekaa kwenye mchanganyiko mwepesi unaokauka haraka kuliko udongo wa bustani, unaweza kukuta pembeni kuna tope na katikati kumekauka kabisa, hapo kweli una kiu na maji unayamwaga taratibu pale kwenye shina. Lakini kidole kikitoka na udongo wenye unyevu, basi. Acha. Uangalie pia saa: ua linalolegea mchana jua likiwa kali alafu usiku likasimama lenyewe, hilo linapambana vizuri, wala halihitaji maji yako. La kuhangaikia ni lile unalolikuta asubuhi na mapema bado limelala.

Kama maji yapo na limelegea, linachohitaji ni KIVULI. Punguza matumizi ya juu mpaka mizizi iote. Weka kitambaa chepesi au neti ya kivuli au hata chomeka matawi yenye majani upande linapopigwa na jua la mchana na alasiri, kwa siku kadhaa hadi wiki, alafu uondoe kidogo kidogo, leo masaa mawili ya jua, kesho matatu, hivyo hivyo. Hewa ipite. Kuna watu wanafunika na mfuko wa plastiki halafu wanaacha juani, ndani kunachemka, mmea unapikwa. Tandaza nyasi kavu au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8 juu ya udongo, ila yasiguse shina kwa sababu shina likikaa kwenye unyevu muda wote linaoza.

Na hapa nina jambo moja ambalo nitalisema mpaka nichoke: maji muhimu kuliko yote ni yale ya siku moja KABLA ya kuhamisha. Mwagilia vya kutosha jioni, kesho yake ndo uchimbe. Majani yanakuwa yamejaa maji, udongo unashikamana donge linatoka zima badala ya kumomonyoka na kuacha mizizi uchi. Watu wanachimba mmea wenye kiu kwenye udongo mkavu saa sita mchana, alafu wanataka kufidia yote kwa ndoo baada ya kupanda. Haifidiwi. Hamisha jioni au siku ya mawingu, shimo jipya liwe tayari kabla hujachimba la zamani, mwagilia mara moja kwa wingi ukishapanda ili udongo ushikane na mizizi, na baada ya hapo ni kidole ndo kinaamua.

Haya, ya mbolea sasa. "Nimeweka mbolea kwenye shimo ili lishike haraka". Halishiki haraka. Mbolea nyingi za viwandani ni aina za chumvi, na chumvi nyingi karibu na mizizi yenye majeraha inaiunguza na inafanya maji yawe magumu zaidi kuvutwa, wakati shida yako ilikuwa hiyo hiyo ya kuvuta maji! Samadi mbichi ni vile vile, inaunguza. Alafu naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, inausukuma mmea utoe majani mapya laini wakati hauna mizizi ya kuyalisha. Subiri uone majani mapya yanatoka yenyewe na yanakua, ndo uanze, tena kidogo.

Kuna na zile dawa za vitamini B1 zinazouzwa kuwa zinaondoa mshtuko wa kuhamishwa. Hiyo stori ilianzia kwenye majaribio ya maabara ya miaka ya 1930, ambapo vipande vya mizizi vilivyokatwa viliota vizuri kwenye chupa vikipewa hiyo vitamini. Lakini hivyo ni vipande visivyo na majani. Mmea mzima unajitengenezea B1 wenyewe kwenye majani, na vitamini hiyo ilipojaribiwa bustanini haikuleta tofauti. Hela yako nunua neti ya kivuli.

"Nimelihamisha likiwa limechanua kwa sababu ndo lina nguvu". Hapana, hapo ndo linatumia nguvu. Maua yanakula sukari na maji ambayo ingefaa viende kwenye mizizi. Subiri limalize kuchanua, na kama ni lazima ulihamishe leo basi kata maua yote na vitumba vyote. Najua inauma, watu wanakata moja wanabakiza matatu eti yapendezeshe, lakini hayo matatu ndo yatakayokugharimu. Kata yote.

Ila kukata maua sio kukata mmea mzima, na hapa wengine wanapitiliza, wanafyeka mmea ubaki kisiki "ili juu kulingane na chini". Majani ndo yanatengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya, na kwenye ncha za matawi ndo zinatoka homoni zinazoiambia mizizi iote. Toa yaliyovunjika, yaliyokufa, na kama ni kichaka kikubwa kilichopoteza mizizi mingi sana punguza kiasi, usifyeke.

Shimo. Watu wanachimba refu kama kisima wanajaza mboji tupu. Chimba PANA, mara mbili au tatu ya upana wa donge, na kina kisizidi kimo cha donge, kwa sababu mizizi mingi ya kulisha inatambaa karibu na juu kwenye hewa, na ukichimba ukashindilia mboji chini baadaye inaoza inadidimia na mmea unazama nayo. Rudishia udongo ule ule uliotoa. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo la mboji linageuka kuwa beseni, maji yanaingia hayatoki, tumerudi kule kule kwenye kuoza. Mboji itandaze juu.

Na usiuzike ndani zaidi eti usimame imara. Panda pale pale ulipokuwa, alama ya udongo ipo kwenye shina iangalie. Peoni ukifukia vichipukizi vyake zaidi ya sentimita 5 utapata majani kila mwaka na maua hutayaona, na airisi yenye kiazi kinachotambaa inataka mgongo wa kiazi uone jua. Bougainvillea kwa upande wake shida ni mizizi, inavunjika kirahisi mno, usiivute kwenye chungu na usiichambue mizizi yake kama unavyofanya kwa mimea iliyojizungusha mizizi ndani ya kopo, pasua chungu uipande na donge lake zima.

La mwisho, majani yakidondoka yote watu wanasema limekufa wanang'oa. Kwaruza ganda la shina kidogo na ukucha, chini yake kukiwa na ukijani na unyevu liko hai, liache, mawaridi yanaweza kukaa wiki nyingi yakiwa vijiti vitupu alafu yakachipua. Na tafadhali usilichimbuechimbue kila baada ya siku tatu kuangalia kama limeota mizizi, kila ukilitikisa unavunja vile vinyweleo vipya na linaanza moja tena.