Mbebaji wa sikoseli ni nani?

Mtoto akigundulika na sikoseli, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ukoo huanza kuulizana: "Umetoka wapi huu? Kwetu haupo." Mara nyingi anayesakamwa ni mama. Ukweli ni kwamba umetoka kwa wazazi wote wawili, hata kama pande zote hazijawahi kuuguza mtu.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni inayoelekeza mwili kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu: moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro ndiye mbebaji. Kwenye karatasi ya majibu ataandikiwa AS: A ni nakala nzima, S ni yenye kasoro. Si mgonjwa; analima, anacheza mpira, anazeeka bila kujua. Mgonjwa ni SS, mwenye nakala mbili zenye kasoro.

AS wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata SS, nusu AS, robo AA. Kila mimba, narudia. Wapo wanaodhani wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu haiendi hivyo. Inaanza upya kila mara.

Kwa nini kasoro hii haijatoweka? Mwaka 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa kuwa AS humkinga mtu kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeshamiri kwenye maeneo ya joto na mbu, aina ya Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Lakini watu huhama na kuoana, na jeni ikifika milimani Makete haifi kwa baridi. Tena baridi huweza kuchochea maumivu kwa mwenye SS, kwa hiyo mwezi wa Juni sweta na maji ya kutosha kwa mtoto huyo ni sehemu ya matibabu.

Dawa inayotumika sana kupunguza makali ni haidroksiyurea. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni za seli za uboho ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya wakati mtoto yuko tumboni mwa mama. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, usiiote leo. Na hata aliyeipata bado atamrithisha kila mtoto wake nakala moja yenye kasoro, maana mbegu na mayai ya uzazi hayaguswi.