Je, wajua kwa nini kuhesabu wasio na kazi huigharimu serikali fedha nyingi kila mwezi?

Kila mwezi, kwa kawaida siku ya Ijumaa ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington, serikali ya Marekani hutoa tarakimu moja inayosubiriwa kwa pamoja na masoko ya fedha, wanasiasa na waandishi wa habari: asilimia ya wanaotafuta kazi na hawajaipata, kati ya wote walio na kazi au wanaoitafuta. Tarakimu yenyewe ni fupi, tuseme 4.1 au 4.2, na anayeitazama anaweza kudhani kwamba kuna daftari limefunguliwa mahali na majina yakajumlishwa. Ofisi ya Takwimu za Kazi inayoitoa, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1884, hutengewa na Bunge takriban dola milioni 700 kwa mwaka kwa shughuli zake zote, zikiwemo takwimu za bei na mishahara. Ni haki kuuliza kwa nini kuhesabu watu kuhitaji fedha za kiasi hicho, tena mwaka hadi mwaka.

Sababu ya kwanza ni kwamba daftari hilo halipo. Kinacholikaribia ni orodha ya wanaolipwa fao la bima ya kukosa kazi, nayo ina mapengo makubwa. Kijana aliyemaliza masomo wiki iliyopita na hajawahi kuajiriwa hayumo. Aliyeacha kazi kwa hiari yake kwa kawaida hayumo. Na yule ambaye muda wake wa kulipwa umekwisha, ambao katika majimbo mengi hauzidi wiki 26, huondolewa hata kama bado anazunguka na barua zake za maombi. Kwa hiyo orodha hiyo hueleza zaidi masharti ya sheria ya bima kuliko hali ya watu: bunge la jimbo likikaza masharti leo, wasio na kazi watapungua kwenye karatasi bila mtu hata mmoja kuajiriwa.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa njia ngumu. Katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, kila mtu aliona kwamba wasio na kazi ni wengi, lakini makadirio ya idadi yao yalitofautiana kwa mamilioni. Mwezi Novemba 1937 serikali iliamua kuwauliza wenyewe: wasambaza barua walipeleka kadi katika kila nyumba, na asiye na kazi aliombwa aijaze na kuirudisha kwa hiari yake. Kadi zilizorudi zilionyesha watu takriban milioni 7.8 wasio na kazi. Wakati huohuo, wataalamu walichagua kwa bahati nasibu takriban asilimia 2 ya njia za wasambaza barua, na humo kila mtu akahojiwa nyumba kwa nyumba, awe amejaza kadi au hakujaza. Makadirio yao yalifika karibu milioni 11. Tofauti ya watu kama milioni tatu, takriban wakazi wa nchi ndogo nzima, ilikuwa imefichwa katika kadi ambazo hazikurudishwa.

Hapo ndipo fikra iligeuka. Ilidhihirika kwamba kuuliza wachache waliochaguliwa vizuri, na kuhakikisha kwamba kila mmoja wao anajibu, huleta ukweli ulio karibu zaidi kuliko kuwauliza wote na kungoja wanaopenda kujibu. Kuanzia mwaka 1940 utafiti wa sampuli ukawa unafanyika kila mwezi, mwaka 1942 ukahamishiwa Ofisi ya Sensa, na ndio huo unaoendelea hadi sasa, ukiwa na sampuli ya kaya zipatazo 60,000.

Ukitaka kuona fedha zinakokwenda, mfuate mdadisi mmoja. Wiki inayouliziwa huwa, kwa kawaida, ile yenye tarehe 12 ya mwezi, na mahojiano hufanyika wiki inayofuata. Mdadisi hupewa anwani, si jina. Akikuta mlango umefungwa hurudi, na akikuta wakazi wapya huwahoji hao. Kaya huhojiwa miezi minne mfululizo, hupumzishwa miezi minane, kisha hurudiwa kwa miezi mingine minne, ili mabadiliko kati ya mwezi na mwezi yapimwe kwa sehemu kubwa kwa watu walewale. Swali ambalo watu wengi wangelitarajia, yaani “Je, huna kazi?”, haliulizwi kwa namna hiyo. Huulizwa kama wiki ile mtu alifanya kazi yoyote kwa malipo. Kama hakufanya, je, ana kazi ambayo hakwenda kwa sababu ya ugonjwa au likizo. Na kama hana, je, katika wiki nne zilizopita alifanya nini hasa kuitafuta, na angeweza kuianza kama angeitwa. Anayesema alisoma tu matangazo ya kazi hahesabiwi kuwa aliitafuta. Anayesema alipeleka maombi kwa mwajiri huhesabiwa. Aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki nzima huhesabiwa ana kazi, kanuni inayokubaliwa pia na Shirika la Kazi Duniani, ingawa binafsi naona kwamba mtu mwenye saa moja ya kazi angekuwa na haki ya kucheka akiisikia. Mdadisi asiyefunzwa vizuri angewachanganya watu hao wote, na kumfunza, kumlipa na kumrudisha mlangoni mara ya tatu ndiko kunakokula bajeti.

Sababu ya pili ni ya kihesabu, na ndiyo ambayo wanaopanga bajeti huielewa kwa shida zaidi. Usahihi wa sampuli hauongezeki sambamba na ukubwa wake: ukitaka kupunguza kosa la makadirio kwa nusu, huna budi kuongeza sampuli mara nne. Sampuli ikikatwa nusu, kosa huongezeka kwa takriban asilimia 41. Tena, usahihi hutegemea zaidi idadi ya waliohojiwa kuliko idadi ya watu wa nchi, na matokeo yake ni ya ajabu kidogo: jimbo la Wyoming, lenye watu wasiofika 600,000, haliwezi kupewa kaya chache kwa uwiano wa udogo wake, kwa sababu makadirio yake yangeyumba kiasi cha kutofaa kitu. Kwa sababu hiyohiyo nchi yenye watu wachache na hazina ndogo hubeba mzigo unaokaribia ule wa nchi kubwa, na nchi nyingi huamua kufanya utafiti wa nguvu kazi kila baada ya miaka kadhaa badala ya kila mwezi. Tanzania Bara, kwa mfano, ilifanya utafiti wake wa mwaka 2014, na uliofuata ukawa wa 2020/21.

Hata kwa kaya 60,000, mabadiliko ya nukta 0.1 (tuseme kutoka 4.1 hadi 4.2) kati ya mwezi mmoja na mwingine nchini Marekani hayatoshi kuthibitisha kwamba jambo lolote limebadilika. Ni yale yanayofika takriban nukta 0.2 ndiyo wataalamu huanza kuyaamini. Ni kwa nukta hizohizo Benki Kuu, ambayo sheria inaitaka ijali ajira pamoja na bei, huamua juu ya riba, na ni kwa makadirio ya majimbo na wilaya kwamba sehemu ya fedha za mafunzo ya kazi hugawanywa. Mwaka 2024 Ofisi ya Takwimu za Kazi ilipotangaza kwamba bajeti ingeilazimisha kuondoa kaya kama 5,000 katika sampuli, kabla fedha za nyongeza hazijapatikana, asingeweza mwananchi wa kawaida kuitambua tofauti: tarakimu ingeendelea kutoka siku yake, ikiwa na nukta yake moja, na sura yake ingekuwa ileile. Takwimu iliyonyimwa fedha haipasuki kama daraja. Hulegea kimyakimya, na anayeitumia ndiye wa mwisho kujua.

Gharama nayo inapanda, kwa kuwa watu wamechoka kuhojiwa. Kiwango cha kaya zinazoitikia utafiti huu nchini Marekani kilikuwa karibu asilimia 90 mwaka 2013, na kufikia 2025 kilikuwa kimeshuka chini ya 70. Uingereza ilifika mbali zaidi: mwaka 2023 kiwango cha kuitikia utafiti wake wa nguvu kazi kilishuka hadi asilimia 17 hivi, na mwezi Oktoba mwaka huo ofisi yake ya takwimu ikasitisha kuchapisha makadirio yaliyotokana na utafiti huo. Dawa iliyotumika haikuwa ya ajabu, nayo haikuwa ya bure: sampuli iliongezwa, na wadadisi wakarudishwa milangoni baada ya kipindi ambacho simu ilitegemewa zaidi. Wapo wanaosema kazi hii iachiwe kampuni zinazoshughulikia malipo ya mishahara, kwa kuwa zina takwimu tayari. Lakini kampuni hizo huwaona waliomo kwenye mishahara ya wateja wao, na asiye na mshahara, ambaye ndiye anayetafutwa, haonekani humo.

Jinsi kukosekana kwa fedha kunavyoweza kufanya kazi hii isimame kabisa ilionekana mwaka 2025, pale Bunge la Marekani liliposhindwa kupitisha bajeti na shughuli nyingi za serikali kufungwa kwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Wiki yenye tarehe 12 Oktoba ikapita, na ile ya mahojiano inayoifuata ikapita bila mdadisi kwenda popote. Ofisi zilipofunguliwa, takwimu za waajiri za mwezi huo ziliweza kukusanywa kwa kuchelewa, kwa kuwa mwajiri ana vitabu vya mishahara na vitabu havisahau. Kaya hazina vitabu. Hakuna aliyeweza kwenda mwishoni mwa Novemba na kumtaka mtu aeleze kwa uhakika kama katika wiki fulani ya Oktoba alifanya kazi hata saa moja, au alipeleka maombi wapi na lini. Hivyo katika mfululizo wa kiwango cha ukosefu wa ajira, uliokuwa haujakatika tangu mwaka 1948, nafasi ya Oktoba 2025 imeachwa wazi.