Seli T zinapozaana kupita kiasi: maana yake nini?

Mtu akirudi spitali na karatasi ya FBP (kipimo cha jumla cha damu) iliyoandikwa kuwa limfosaiti ziko juu, nyumba nzima huanza kunong'ona saratani. Mara nyingi siyo. Seli T ni aina ya limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazoanzia kwenye uboho na kukomalia katika tezi ya thaimasi kifuani, na kuzaana ndiyo kazi yao. Virusi wakiingia, seli hizi huongezeka haraka. Kazi ikisha, nyingi hufa na chache hubaki za kumkumbuka adui. Ni kama wachumaji wa karafuu Pemba: msimu ukiingia kambi hujaa, ukimalizika watu hutawanyika.

Kasoro ni pale zisipotawanyika. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya Fas, ile inayoziamuru seli zife. Tezi zao za limfu na bandama huvimba kwa miezi, hata miaka, na kinga huweza kugeuka kuzila chembe za damu yao wenyewe. Hiyo bado si saratani.

Kwa saratani, swali kubwa si idadi, ni nasaba. Kila seli T ina kipokezi chake cha kumtambulia adui, kilichotokana na kupangwa upya kwa vipande vya jeni. Katika maambukizi ya kawaida maabara huona vipokezi vya kila namna. Katika saratani ya seli T, vingi vinafanana kwa sababu seli zimetoka kwa mzazi mmoja. Hata hivyo nasaba moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu, maana baadhi ya wazee huwa nayo na hawana ugonjwa wowote.

Dalili hutegemea seli zimekwenda wapi. Zikikaa kwenye ngozi, kuna ugonjwa uitwao mikosisi fungoidi, ulioelezwa na daktari Alibert wa Ufaransa mwaka 1806. Jina linataja kuvu lakini kuvu haumo. Kwa ngozi nyeusi huweza kuanza kama mabaka yaliyofifia rangi, makalioni au mapajani, na mtu akapaka dawa ya choa miaka na miaka.

Kuna pia lukemia (saratani ya damu) ya seli T ya watu wazima, iliyoelezwa Japani mwaka 1977 na baadaye kuhusishwa na kirusi cha HTLV-1. Wengi wenye kirusi hicho hawaugui kabisa. Wanaopata lukemia ni takriban 5 katika 100, kwa kawaida baada ya miongo. Chini ya hadubini, viini vya seli hizo huonekana vimegawika mithili ya petali za ua. Ugonjwa huu ukipandisha kalsiamu ya damu, mgonjwa hushikwa na kiu, hukojoa kila saa, hufunga choo na kuchanganyikiwa. Watu hudhani sukari.

Seli za saratani ni tele, ulinzi hakuna: baadhi yake huizima hata kinga iliyobaki. Hapo ndipo huingia strongiloidi, mnyoo anayepenya kwenye nyayo na anayejulikana Pemba. Huweza kukaa mwilini miongo bila kelele, kisha kwa mwenye HTLV-1 au anayetumia dawa za steroidi, zinazopunguza kinga, akazaliana na kusambaa hadi mapafuni. Kwa hiyo mgonjwa aliyekulia shamba atafutiwe mnyoo huyu kabla ya kuanza matibabu. Kipimo kimoja cha choo huweza kumkosa, na dawa inayomfaa zaidi ni ivamektini; albendazoli humwacha mara nyingi.